Msiro Usoni mwa Bi Biubwa

Chamima alikuwa mtu wa kusifu. Akila wali wa jirani atausifu mpaka jirani aone haya; akipanda pikipiki atamshukuru dereva kwa kukwepa mashimo ambayo wala hakuyakwepa. Kule Afungi, ndani ya uzio wa kambi ya gesi, alikokuwa akimenya viazi na kupika kwa masufuria makubwa ya kutosha kumwogeshea mtu, wenzake wa jikoni walimpa jina la Mama Parabéns, kwa kuwa neno hilo la Kireno la pongezi halikumbanduka mdomoni. Basi Alhamisi ile aliporudi nyumbani Palma kwa folga, yaani mapumziko yao ya kazi, mtu wa kwanza kusifiwa alikuwa binti yake, Sumaia.

Na kwa macho tu, palikuwa na cha kusifu. Bi Biubwa, mama yake Chamima, alikuwa ameketishwa barazani akiegemea mto, kanga zake zinanukia sabuni, na uso umepakwa msiro mzito mweupe kuanzia kwenye nywele hadi chini ya kidevu. Msiro ni mti. Kipande chake husuguliwa juu ya jiwe lenye maji mpaka kitoe uji, na ni kazi ya kuumiza kiganja. Msichana anayetaka kupendeza atajisagia mwenyewe. Lakini kumsagia bibi kizee aliyepooza upande mmoja, ambaye hata kioo hawezi kukishika? Mtaa mzima ulimfanya Sumaia mfano wa wema. Akina mama waliwaambia mabinti zao, mtazameni mwenzenu.

"Mwanangu, mkono wako una baraka," Chamima alimwambia, akamkabidhi kitenge alichomnunulia. Sumaia akakipokea, akasema ahsante, akakiweka juu ya kabati bila kukikunjua.

Hapo Chamima angeweza kushtuka. Hakushtuka. Alikuwa na sababu zake za kutaka mambo yawe mazuri nyumbani, na mtu mwenye sababu kama hizo huona anachotaka.

Bi Biubwa hakuwa mwanamke wa kulelewa. Miaka mingi alikuwa mwalimu wa chuo, akiwafundisha wasichana wa mtaa Kurani, sala na adabu, na fimbo yake ilikuwa ulimi. Walipokimbia vita, Chamima alimpakia kwenye mkokoteni wa kuchotea maji na kumsukuma kwenye mchanga mpaka viganja vikatoka damu, na njia nzima bibi alikuwa akimkosoa anavyousukuma. Walicheka wakilia. Kiharusi kilimpata baada ya kurudi, walipokuwa wameshaanza kudhani mabaya yamekwisha. Baba yake Sumaia alikuwa ameoa upande wa Mtwara na hana habari nao. Shaweji, kaka yake Chamima, alikuwa na wake wawili na biashara ya samaki wakavu. Kazi ya kambini ndiyo iliyoweka chungu mekoni, kwa hiyo Chamima alikwenda kambini, na Sumaia akaacha shule, akabaki na bibi. Watu walisema, si mjukuu wake? Nani tena?

Safari hii folga ilikuwa imekatwa. Mwenzake mmoja wa jikoni aliugua, na chefe, mkubwa wao wa jikoni, alimwambia Chamima arudi Jumamosi asubuhi na gari la wafanyakazi. Siku mbili tu, basi. Alitaka kuzifaidi.

Jioni ile ya Alhamisi walikula pamoja. Bi Biubwa alikula upesi upesi, kichwa chini, mkono wake mmoja mzima ukienda na kurudi. Chamima alipompa kikombe cha maji, bibi hakukipokea kwanza. Alimtazama Sumaia.

"Anywe kidogo tu, mama," Sumaia alisema. "Akizidisha analowanisha mkeka."

Bi Biubwa akalowesha midomo, akarudisha kikombe. Chamima akasema, "Mtoto anajua mambo, mashallah." Kisha akangoja mama yake amtanie kama kawaida, amuulize wageni wa kambini wamelishwa nini leo, maji ya viazi? Bibi hakumtania. Chamima akajiambia ni uzee, na ugonjwa, na uchovu wa watu wazima.

Ijumaa asubuhi alikaa na mama yake barazani kutoka chai mpaka jua likawa juu ya paa. Alimkata kucha, akampasha habari za kambini, akazungumza peke yake zaidi ya nusu ya mazungumzo. Sumaia aliingia na kutoka, akifua, akifagia, kila mara akipita karibu zaidi kuliko njia ilivyohitaji. Adhuhuri ilipokaribia akachukua ndoo kwenda bombani. Mlangoni akasimama.

"Usimsumbue, mama. Mimi nikirudi ntamtawadhisha mwenyewe. Nshamjua anavyotaka."

"Nenda, mwanangu, nenda."

Sumaia akasita kidogo, akaenda. Azana ikatoka msikitini. Chamima akajaza birika, akachukua beseni, akapiga magoti mbele ya mama yake. Kumtawadhisha mzazi kuna thawabu, naye alitaka na yeye apate fungu lake kabla ya kurudi kwenye viazi.

"Acha," Bi Biubwa akasema. "N'shatawadha."

Chamima akacheka. "Saa ngapi, mama? Tumekaa wote tangu asubuhi."

Bibi akasukuma beseni kando.

"Na msiro huu usoni? Maji yatapitia wapi?"

Alisema kwa utani. Lakini maneno hayo yalikuwa ya mama yake mwenyewe, na alipoyasikia yakitoka kinywani mwake, kicheko kilimkauka. Bi Biubwa ndiye aliyewarudisha wasichana nyumbani kwa neno hilo. Futa kwanza, alikuwa akiwaambia, msiro unaziba ngozi, maji hayapiti, unatawadha nini, chokaa? Chamima na mtaa mzima walidhani Sumaia humtawadhisha bibi kwanza, ndipo anampaka. Lakini msiro ule ulikuwa wa jana. Ulikuwa umekauka na kupasuka pembeni mwa mdomo. Hakuna aliyeugusa tangu hapo. Mama yake, ambaye hata ndani ya mkokoteni alitayamamu kwa vumbi la njia, alikuwa ameketi hapa akidanganya kuhusu sala.

Chamima akashika upembe wa kanga, akauchovya birikani.

"Usinifute," Bi Biubwa akasema kwa sauti ndogo. "Atajua."

"Nani atajua?"

Bibi akatazama mlangoni. Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja. Akakamua kanga, akaanza kufuta, taratibu, kuanzia paji la uso. Paji lilikuwa salama. Alipofika kwenye shavu la upande uliopooza, upande usioweza kujikinga, weupe ulitoka na chini yake palikuwa peusi. Si alama moja. Palikuwa na alama mbichi ya kipigo, na chini yake nyingine inayogeuka kuwa kijani, na nyingine ya zamani ya manjano. Karibu na sikio palikuwa na alama za vidole. Mtu yeyote aliyelea mtoto anajua ukubwa wa vidole vya mtoto wake. Chamima alivijua.

Ndoo ikatuliwa chini nyuma yake.

"Alianguka," Sumaia alisema. "Alianguka chooni, nikaona haya kukwambia."

Chamima hakugeuka. "Mama, ulianguka?"

Bi Biubwa alimtazama Sumaia kwanza, kama jana kwenye kikombe cha maji. Ndipo akasema, "Nilianguka."

Damu ilimpanda Chamima. Alisimama, akageuka, akanyanyua mkono ule ule uliozoea kunyanyua masufuria ya kambi, na wallahi alitaka kumvunja mtoto wake mwenyewe. Sumaia hakukimbia. Lakini nyuma yake Chamima alisikia mkeka ukikwaruza. Bi Biubwa alikuwa amejikunja, na mkono wake mzima ulikuwa juu ya kichwa chake.

Hakuwa ameona mkono unakwenda kwa nani. Aliona mkono umenyanyuka, ikatosha.

Chamima akaushusha. Hajawahi kuona haya kama siku ile, wala hasira kama siku ile. Akaketi chini. Akamwonyesha mama yake viganja vyote viwili, vitupu, kama mtu anayemshawishi kuku asikimbie.

"Tangu lini?" akamuuliza Sumaia hatimaye.

"Sikukusudia."

"Sikuulizi ulikusudia nini."

Hapo Sumaia akafunguka, na yaliyotoka hayakuwa uongo. "Wewe unakuja na folga yako! Unakaa, unasifu, unaondoka! Mimi ndo nimebaki na mavi na mikojo, kila siku, kila siku, na ananiita Chamima, hata jina langu halikumbuki! Nilikupigia simu nikakwambia n'mechoka. Ukasemaje? Ukasema vumilia, mkono wako una baraka. Basi ndio huu!" Akaunyoosha mkono wake mbele ya mama yake na kuutazama kana kwamba hata yeye unamtisha. Akaanza kulia.

Chamima alikumbuka simu ile. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko la kambi, sufuria linachemka, anataka kukata upesi. Yote aliyosema mtoto ni kweli, akawaza. Na shavu la mama yangu nalo ni kweli, na moja haliondoi jingine.

"Kuchoka nimekusikia," akasema. "Nilipaswa kukusikia zamani. Lakini uchovu haukukwambia umnyime maji. Haukukwambia ufiche. Kufanya umefanya, na ukasaga msiro, ukapaka juu yake, ukaniacha nikusifu."

Sumaia akachukua ndoo, akatoka nayo uani.

Shaweji alifika baada ya sala ya Ijumaa na kanzu yake nyeupe, akitaraji wali wake wa kila Ijumaa. Alikuwa akila hapo wiki nenda wiki rudi, hatua chache kutoka kwenye mkeka wa mama yake. Alitazama uso ule mtupu, akatoa kofia, akasema innalillahi. Akaketi, akasimuliwa yote, na Chamima akashukuru kwamba kuna mkubwa ndani ya nyumba.

Kisha mkubwa akasema.

"Sikiliza, dada. Hili ni jambo la ndani. Ntasema nae huyu mtoto, ntasema nae kweli kweli. Lakini unajua wale wa Mtwara, jamaa za yule kijana Rafique, wanaleta posa ya Sumaia baada ya mwezi wa mfungo sita. Wakisikia hili? Nani ataoa? Na mama mwenyewe ataonekanaje? Mwalimu mzima." Akatazama jua. "Akina mama wanakuja alasiri. Mpakeni msiro kama siku zote. Kesho wewe uende serviso yako, usipoteze kazi. Ntakuwa nikipita kuangalia."

"Na nani atalala na mama?"

"Si Sumaia? Kwa sasa tu, mpaka tupange."

Kwa sasa tu. Chamima alimtazama mama yake. Bi Biubwa alikuwa akisikiliza kila neno, macho chini, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika ukindu wa mkeka ukiuvuta, ukiuachia, ukiuvuta. Kesho alfajiri gari la wafanyakazi lingepiga honi barabarani, Chamima angepanda, na mlango ungefungwa, ndani wakabaki wawili: aliyepiga, na aliyepigwa ambaye sasa siri yake imetoka. Chamima hakuwa mtu wa shule nyingi lakini hilo halikuhitaji shule. Mtoto angesema samahani leo. Kwa wiki mbili angekuwa mpole. Kisha mkeka ungelowa tena.

Tena kulikuwa na kazi. Asiporudi Jumamosi, wapo wanawake wengi langoni wanaoijua sufuria. Chefe hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa mtu wa kungoja.

Uani ilisikika kwaru, kwaru, kwaru. Sumaia alikuwa amechukua jiwe na kipande cha mti bila kuambiwa, anasaga. Hakuna aliyemzuia. Shaweji alikula kidogo, akasukuma sahani. Uji mweupe ukawa unajaa kwenye kisahani, na wote wanne walikuwa wakilisikia jiwe.

Sumaia akaja nacho, macho yamemvimba, akakiweka mbele ya mama yake. "Wanakaribia kuja," akasema.

Chamima akakichukua. Vidole vyake vikagusa msiro, baridi, laini, umesagwa vizuri; mtoto huyu aliijua kazi. Ingekuwa rahisi mno. Dakika chache, na kila kitu kingerudi kuwa kizuri. Wanawake wangeingia, wangesema mashallah bibi anang'aa, naye Chamima angeitikia.

Badala yake akamgeukia mwenye uso.

"Mama, uso ni wako. Unataka nikupake?"

Shaweji akaguna. Bi Biubwa akanyanyua macho polepole, na swali alilouliza halikuhusu msiro.

"Kesho unakwenda?"

Chamima akaelewa. Mama yake alikuwa amedanganya kwa ajili hiyo tu. Hakuwa akimlinda Sumaia, wala jina la ukoo, wala posa ya watu wa Mtwara. Alikuwa anataka kujua ataachwa na nani. Mtu atasemaje ukweli, halafu alale na yule aliyemsema?

"Siendi," Chamima akasema.

"Chamima!" Shaweji akasema. "Fikiri!"

"Nimeshafikiri, kaka." Alitoa simu, akamtumia chefe ujumbe wa sauti, mbele yao wote, kwa Kireno chake cha jikoni: mama yake anaumwa, hatakuja kesho, akimfukuza atamwelewa. Akaizima, asije akasikia jibu na kubadili nia. "Haya, mama. Siendi."

Bi Biubwa akavuta pumzi.

"Basi nipe maji," akasema.

Chamima alimpa birika lote. Bibi alikunywa kwa mdomo wa birika, maji yakimwagikia kifuani, akanywa mpaka akapaliwa, akapumzika, akanywa tena. Shaweji aligeuza uso ukutani. Kuona mama yake akinywa vile kulimfanyia yale ambayo maneno hayakumfanyia. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine. "Haya, dada. Nifanye nini?"

"Mchukue Sumaia kwako, leo hii. Akae na wake zako, ale, alale usingizi wa kutosha, asipigwe. Sijamtupa, ni mwanangu. Ila mlango huu asiuingie mpaka mama mwenyewe amwite. Na wale wa posa utawaambia wewe, kabla hawajaambiwa na watu."

Sumaia alikuwa amesimama kizingitini na mikono nyuma. "Mama," akasema, "nami nilikuwa naogopa. Kila nikimaliza nilikuwa naogopa."

"Najua," Chamima akasema. "Nenda na mjomba wako."

Hawakupata muda wa kuondoka. Hodi ilishapigwa. Waliingia wanawake wa Ijumaa, wanafunzi wa zamani wa Bi Biubwa, ambao kila wiki husali naye alasiri barazani. Mbele alikuwa Wahida, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu shughulini. "Hodi, mwalimu, leo unang'..." akaanza, akaishia hapo. Wenzake wakajaa nyuma yake. Hakuna aliyekaa.

Chamima alisikia hamu ya kusema yeye, kueleza, kulainisha. Akauma ulimi.

"Bi," Wahida akasema, amepiga magoti. "Nani kakufanya hivi?"

Bi Biubwa hakumtazama mtu kwanza safari hii. Alisema kama alivyokuwa akisema chuoni anapomtaja aliyekosea aya, bila kupandisha sauti.

"Mjukuu wangu. Sumaia."

Kwa hiyo jina lake alikuwa akilikumbuka. Sumaia akajifunika uso kwa mtandio, na Shaweji akamshika bega, akapita naye katikati ya wanawake. Mmoja alianza kulaani. Chamima akamkata: "Kwangu humu hapana. Anayetaka kusaidia asaidie." Wahida alikuwa amebaki pale pale amepiga magoti, machozi yanamtoka. "Mimi nilisikia," akasema. "Ukutani. Nikasikia kishindo, nikasikia mwalimu analia, nikajiambia ni ugonjwa unamliza. Nikakuona Ijumaa na msiro wako, nikafurahi." Akajifuta kwa kiganja. "Mkeka wangu nauleta leo. Nalala hapa. Na hawa wote watapokezana, hakuna wa kuniambia hana nafasi."

Hakuna aliyesema hana nafasi. Azana ya alasiri ikatoka.

Chamima akasogeza beseni. Alimtawadhisha mama yake mbele ya wote, mikono, kinywa, pua, na usoni akammiminia maji tu bila kusugua, kwa kuwa palikuwa pakiuma. Maji yalipita juu ya peusi na kijani na manjano, yakadondoka kidevuni. Bi Biubwa alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu.

"Tangu mvua za kwanza," akasema. "Sala zote hizo, Chamima. Maji hayakupita."

"Mama, hilo si deni lako. Mungu ameona nani alikuziba."

"Najua. Mimi ndiye niliyewafundisha." Akaelekea kibla, mkono wake mzima ukiuvuta ule uliokufa mpaka ukalala pajani. "Lakini nataka kuzisali tena, na uso wangu."

Wakasali naye alasiri. Walipotoa salamu wanawake wakaanza kukunja miswala yao, kisha mmoja mmoja wakaacha, kwa sababu Bi Biubwa alikuwa ameshapiga takbiri tena.